Pilipili mbuzi Lavington: namna ya kuotesha pilipili ya kwetu kwenye baridi ya Nairobi

Leo siasa na bandari tuziweke kando, tuzungumze pilipili. Tangu nihamie Lavington kikazi, swali ninaloulizwa zaidi na watu wa Pwani wanaoishi huku si la uchaguzi wala la ardhi. Ni hili: "Kwani pilipili mbuzi yamea huku?" Wengi wamejaribu. Wameleta mbegu kutoka nyumbani, wakazitia kwenye kopo, zikachukua mwezi kuota, zikaota mbili tatu, zikadumaa, na ilipofika Julai majani yakageuka manjano. Wakasema Bara haikubali.

Bara inakubali. Tatizo ni kwamba tunapanda huku kwa desturi ya kule. Pwani mkulima wa pilipili anapigana na jua kali, mchanga na maji ya chumvi. Lavington anapigana na baridi ya usiku na kivuli cha maghorofa. Ukibadilisha majira ya kupanda na mahali pa kupanda, mengine yote ni yale yale aliyoyafanya mama yako nyuma ya jiko. Nimeyakusanya hapa kwa mpangilio, ili anayetaka ayakate na kuyaweka.

PILIPILI IPI HASA?

Tuanze na majina, maana yanachanganya. Ukienda kibandani Kawangware ukaomba hoho, utapewa ile kubwa ya kijani isiyowasha. Kamusi za zamani za Kiswahili zinasema vingine: pilipili hoho ilikuwa ile nyekundu kali. Pilipili manga nayo si jamaa yao kabisa. Ni mmea unaotambaa wenye asili ya Bara Hindi. Pilipili zote tunazozungumza leo, kali na tamu, asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hakuna mtu wa upande wetu aliyezionja. Zililetwa kwenye mwambao wetu na biashara ya Wareno, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ni wageni.

Kwa bustani ya nyumbani, tatu zinafaa kujulikana.

Ya kwanza ni pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye mikunjo, ikiiva huwa ya manjano, ya machungwa au nyekundu. Kitaalamu ni Capsicum chinense, ndugu wa habanero ya Mexico na Scotch bonnet ya Jamaica. Ndiyo yenye harufu inayojaza nyumba. Ndiyo pia yenye kudeka: hupenda joto kuliko wenzake na huchelewa kuzaa.

Ya pili ni pilipili kichaa, zile ndogo ndogo zinazosimama zikielekea juu. Ni Capsicum frutescens. Ni ngumu, huvumilia shida, na mche mmoja unaweza kuishi miaka kadhaa.

Ya tatu ni pilipili ndefu nyembamba ya sokoni, jamii ya Capsicum annuum. Hii ndiyo nyepesi kuotesha Nairobi na huzaa mapema kuliko zote.

Ukali wake hupimwa kwa kipimo alichokibuni mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912. Aliichanganya dawa ya pilipili na maji ya sukari, akaongeza maji hayo mpaka waonjaji wasihisi ukali tena. Hoho tamu ni sifuri. Pilipili ndefu nyembamba huwa kati ya 30,000 na 50,000. Kichaa ni kati ya 50,000 na 100,000. Mbuzi na ndugu zake hufika kati ya 100,000 na 350,000.

Jirani yangu mmoja, mama wa Kilamu, aliniambia, "Mwanangu, pilipili za huku zawasha tu, hazinukii." Amesema kweli, lakini kosa si la hewa ya Nairobi. Pilipili iliyojaa vibandani huku ni ile ndefu, ambayo kwa asili yake haina harufu ile. Anayetaka harufu ya mbuzi sharti apande mbuzi. Na kwa kuwa sokoni huku haipatikani kila siku, njia ya uhakika ni kuipanda mwenyewe.

BARIDI YA LAVINGTON NA UPANDE WA KIBLA

Lavington iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Mombasa usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Huku usiku huo huo hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na asubuhi mawingu hukaa mpaka saa sita. Pilipili huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, mche husimama kukua na maua huanza kudondoka bila kushika. Kwa hivyo mwezi Juni, Julai na Agosti mmea wako hauumwi. Umesimama, unangoja. Usiukimbizie mbolea wala maji.

Sasa mahali. Pilipili inataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hivyo jua haliko upande mmoja mwaka mzima. Desemba hupita upande wa kusini, na Juni hupita upande wa kaskazini. Mahali palipojaa jua wakati wa Krismasi panaweza kuwa kivulini mwezi wa baridi, hasa siku hizi ambapo nyumba za zamani za Lavington zenye bustani zinavunjwa na maghorofa yanapanda kila kona.

Kwetu sisi hesabu ni rahisi. Nairobi Kibla iko kaskazini, ikiinamia mashariki kidogo. Ukisimama kuswali, mbele yako ndiko linakopita jua la mwezi wa baridi. Tafuta ukuta ambao uso wake unatazama Kibla, usio na jengo refu mbele yake, uweke pilipili zako chini yake. Ukuta wa mawe hunywa joto mchana na kulirudisha usiku polepole, na hata tofauti ndogo ya joto inatosha kufanya ua lishike badala ya kudondoka. Mwenye roshani naye afuate kanuni hiyo hiyo: roshani inayotazama Kibla ni bora kwa miezi ya baridi, na inayotazama magharibi ni ya pili, maana asubuhi za huku zina mawingu na jua la uhakika ni la alasiri.

MBEGU NA KITALU

Mbegu unaweza kuzipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni dukani. Maduka ya mbegu ya Barabara ya Kijabe mjini, likiwemo la Simlaw lililo chini ya Kenya Seed, huuza mbegu za pilipili za aina mbalimbali. Ukiona pakiti imeandikwa F1, jua kwamba hiyo ni chotara. Itazaa vizuri mwaka huu, lakini mbegu zake ukizipanda tena hazitatoa mmea ule ule.

Njia ya pili ni kuleta mbegu za nyumbani. Chukua pilipili mbuzi iliyoiva kabisa, nyekundu au ya manjano kulingana na aina yake, iliyotoka kwenye mche wenye afya. Usichukue ya kijani. Mbegu zake hazijakomaa. Pasua, toa mbegu, zianike kivulini kwenye sahani au karatasi kwa wiki moja, kisha zifunge kwenye bahasha na uandike tarehe. Zikikaa pakavu na pasipo joto huota vizuri kwa miaka miwili mitatu.

Wakati wa kupanda ndio roho ya jambo hili. Wengi huku husubiri mvua za masika. Wanatia mbegu Februari, wanahamisha miche Aprili, na mmea unapotaka kutoa maua, baridi ya Juni inaingia. Kwa pilipili ndefu na kichaa unaweza kuponea. Kwa mbuzi ni hasara. Panda mbegu zako mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, ndani ya nyumba. Miche itakuwa tayari kuhamishwa mwisho wa Oktoba au Novemba, vuli ikianza. Itakua kwenye mvua hiyo, na itafika Januari, Februari na Machi, miezi ya joto zaidi Nairobi, ikiwa imejaa maua. Kwa miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, hesabu hiyo inakupa pilipili za futari kutoka mlangoni mwako.

Namna ya kuotesha ni hii. Loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Jaza udongo laini uliochanganywa na mboji kwenye vikopo au trei iliyotobolewa chini. Fukia mbegu kina cha sentimita moja. Funika kwa plastiki angavu, au chupa ya maji iliyokatwa nusu, ili unyevu usikimbie. Kisha weka mahali penye joto la kudumu: juu ya friji, karibu na tangi la maji moto, au juu ya kabati la jikoni. Wakati huu mbegu haihitaji mwanga, inahitaji joto. Pilipili ndefu itaota ndani ya siku 8 hadi 14. Mbuzi itachukua wiki mbili hadi nne. Usikate tamaa, wala usimimine maji mengi kwa wasiwasi. Mbegu nyingi hazifi kwa kiu, zinaoza.

Mara tu kijani kinapochomoza, ondoa plastiki na usogeze dirishani penye jua. Mche ukikosa mwanga hurefuka na kulegea kama mtoto aliyefungiwa ndani. Ukiwa na majani sita hadi manane ya kweli, baada ya wiki sita hadi nane, anza kuuzoesha nje: siku ya kwanza saa moja tu, kesho yake mbili, mpaka wiki iishe. Ukiutoa ghafla, jua na upepo vitaunguza majani.

UDONGO, MKEBE NA NAFASI

Udongo mwekundu wa Lavington ni neema. Ni wa kina, na maji hupita bila kutuama. Si ajabu mapadre wa Kifaransa waliofungua misheni ya St Austin's hapa mwaka 1899 walipanda kahawa, zao ambalo wamisheni wenzao walikuwa wamelipanda Bura kule Taita mwaka 1893. Mmea uliotoka upande wetu ukashika huku. Pilipili nayo itashika.

Lakini kwenye majumba mapya, udongo ulio juu mara nyingi si ule wa asili. Ni kifusi cha ujenzi, saruji na kokoto. Chimba nusu mita uone. Ukikuta kifusi, jaza udongo mzuri au tumia mkebe. Mwenye kiwanja kikubwa anaweza kupeleka sampuli ya udongo kupimwa kwenye maabara ya KALRO Kabete, si mbali na hapa.

Kwenye ardhi, chimba shimo la upana na kina cha futi moja, changanya udongo na samadi iliyooza, koleo mbili kwa shimo. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Inua tuta kidogo, kwa sababu mvua ya vuli ikituama kwenye shina huleta ugonjwa wa kuoza.

Kwenye mkebe, kipimo kidogo kabisa ni lita 10, na kwa mbuzi ni lita 20. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inatosha. Toboa matundu matano sita chini, weka kokoto kidogo, kisha jaza mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji au samadi, na moja ya mchanga wa mto. Faida ya mkebe ni kwamba unabebeka. Juni unausogeza ukutani. Desemba unaurudisha wazi.

MAJI NA MBOLEA

Kwenye mtaa wenye mgao wa maji, bustani ya pilipili ni bahati, kwa sababu pilipili haipendi maji mengi. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Kama ni pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kama pana unyevu, acha. Mkebe huenda ukahitaji maji kila siku Februari, na mara moja kwa wiki Julai.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Maji ya udhu pia yanafaa sana, kwa kuwa hayana sabuni. Nyumba ya watu watano wanaotawadha mara tano, wakikinga kwa beseni, haihitaji kufungua mfereji kwa ajili ya miche minne. Maji yenye sabuni ya kufulia usiyamwage hapo.

Kuhusu mbolea, kanuni ni moja: usipende majani kuliko matunda. Mbolea ya naitrojeni kwa wingi hutoa mti mzuri wa kupigia picha usio na pilipili hata moja. Mpe samadi wakati wa kupanda, na koleo ya mboji kila baada ya mwezi mmoja na nusu. Maua yakianza, nyunyiza konzi ya majivu ya kuni kuzunguka mche, mbali kidogo na shina; majivu yana potashi na hupunguza uchachu wa udongo huu mwekundu. Usirudie mara kwa mara.

Pilipili ikioza sehemu ya chini ikiwa bado mtini, ikawa na doa jeusi lililonywea, mara nyingi sababu ni maji ya kusuasua: leo mafuriko, wiki nzima ukame. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu ukae sawa.

Mche ukifika urefu wa sentimita 20, kata ncha yake. Utatoa matawi mengi na kuwa kichaka badala ya kijiti. Ukianza kuzaa, ufunge kwenye mti wa kuegemea, maana tawi la pilipili huvunjika kirahisi.

WADUDU, NA KWA NINI HILI LINANIHUSU

Hapa nitasimama kidogo. Kuna funza wa nondo anayetoboa pilipili karibu na kikonyo na kula ndani. Kwa sababu yake, tangu Januari 2018 Umoja wa Ulaya unataka pilipili zinazotoka Afrika zithibitishwe kwamba hazina funza huyo, na huku kwetu kazi hiyo ya kukagua ni ya KEPHIS. Vilevile mazao yetu yanayokwenda huko hupimwa mabaki ya dawa. Mzungu analindwa, na si vibaya. Lakini pilipili ninayoinunua kibandani kwa shilingi ishirini haina karatasi inayonieleza ilipuliziwa nini, na lini. Kila dawa ya wadudu ina siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna. Mkulima mwenye njaa ya soko akivuna kesho yake, mimi nitaila mbichi kwenye kachumbari jioni. Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Hii tunaila, basi tuna haki ya kuuliza. Na jibu jepesi kuliko kungoja serikali ni miche mitatu nyuma ya nyumba ambayo unajua imepuliziwa nini.

Vidukari na nzi weupe hukaa chini ya majani na kuyafanya yajikunje. Changanya vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji kwa lita moja, pulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku nne tano. Wakikaidi, tumia mwarobaini. Pwani mti huo umejaa. Huku nunua mafuta yake, kijiko kimoja kidogo kwa lita ya maji ya uvuguvugu, na matone ya sabuni ili yachanganyike. Usipulizie jua likiwa kali, na usipulizie maua wakati nyuki wanazunguka.

Utitiri, ambao ni wadogo mno kwa jicho, hufanya majani machanga yawe membamba na magumu. Kata ncha zilizoharibika, kisha pulizia mwarobaini.

Funza wa ndani ya pilipili hana dawa ya jikoni. Okota kila pilipili iliyodondoka au iliyoiva kabla ya wakati wake, ifunge kwenye mfuko uuanike juani siku kadhaa, au uifukie chini kabisa. Usiitupe kwenye mboji.

Mche unaonyauka mchana kutwa ilhali udongo una unyevu, huenda una ugonjwa wa mizizi. Ung'oe, usipande pilipili, nyanya, biringanya wala viazi mahali hapo kwa miaka mitatu. Wote ni jamaa moja na huambukizana. Majani yenye madoa ya kijani na manjano yaliyokunjamana ni virusi, navyo havina tiba. Ng'oa kabla vidukari havijavisambaza. Na anayevuta sigara aoshe mikono kabla ya kushika miche, kwa kuwa tumbaku hubeba kirusi kinachoshika pilipili.

KUVUNA NA KUHIFADHI

Pilipili ndefu huanza kuvunwa miezi miwili hadi mitatu baada ya kuhamisha. Mbuzi, miezi mitatu hadi minne, na kwenye baridi huongeza. Kata kwa mkasi ukibakisha kikonyo. Kadiri unavyovuna ndivyo mmea unavyotoa maua mapya.

Ukali haukai kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani. Unakaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Humo ndimo inamotengenezwa kapsaisini. Anayetaka harufu ya mbuzi bila moto wake, atoe utando huo. Ndege hawauhisi ukali huu, ndiyo maana hula pilipili kichaa na kuzipanda kwa kinyesi chao kila mahali. Sisi tunauhisi kwa sababu kapsaisini hugusa mishipa ile ile inayohisi joto. David Julius wa Marekani alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kugundua hilo. Na kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, mtoto aliyeungua mdomo mpe maziwa au mtindi. Mikono ipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha osha kwa sabuni, na usiguse macho.

Kuanika juani kama Pwani kunawezekana Januari hadi Machi. Julai zitashika ukungu kabla hazijakauka. Miezi hiyo zigandishe nzima kwenye friza, au tia achari: pilipili, chumvi, ndimu, kwenye chupa kavu iliyochemshwa. Jua la Februari linatosha kuikomaza achari ya embe kwenye dirisha la Lavington, nimeiona ikikubali.

KUTUNZA MBEGU NA KUUVUSHA MCHE

Pilipili haifi baada ya kuzaa. Huku hakuna sakitu, kwa hivyo mche unaweza kuvuka mwaka. Juni na Julai uache upumzike, maji kidogo. Mwisho wa Agosti kata matawi yote ubakishe theluthi moja, ongeza samadi, na Septemba utachipua. Mwaka wa pili huzaa mapema kuliko wa kwanza, maana mizizi iko tayari. Kwa mbuzi hasa, huu mwaka wa pili ndio wa kuungoja.

Wengine huogopa kupanda hoho karibu na mbuzi, wakisema hoho itawasha. Hoho ya mwaka huu haitabadilika ladha. Kinachoweza kuchanganyika ni mbegu zilizo ndani, nyuki wakihamisha chavua, na utaona tofauti kwa mche utakaotoka kwenye mbegu hizo. Anayetaka mbegu safi avalishe tawi moja mfuko mwembamba wa shashi kabla maua hayajafunguka, alitikise kila asubuhi ili chavua idondoke, na pilipili za tawi hilo azifanye za mbegu.

KWA WALIOBAKI NYUMBANI

Mnaosoma mkiwa Mombasa, Malindi, Lamu au Kwale, geuzeni maelezo. Kwenu mbegu huota bila shida. Shida ni Februari na Machi, mchana ukifika nyuzi 32 na zaidi, maua yanadondoka kwa joto kama huku yanavyodondoka kwa baridi. Wekeni kivuli cha makuti kuanzia saa sita hadi saa tisa. Pandeni ili maua yaje miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa imepoa. Mchanga haushiki maji wala rutuba, kwa hivyo samadi iwe maradufu. Kisima kikiwa na chumvi, kingeni maji ya mvua kwa ajili ya miche michanga, na mara moja moja mwagilieni kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

KALENDA FUPI YA LAVINGTON

Agosti mwisho hadi Septemba: mbegu ndani ya nyumba, miche ya mwaka jana kukatwa.
Oktoba mwisho hadi Novemba: kuhamisha nje, tuta liinuliwe.
Desemba: kukata ncha, kutandaza nyasi, kupambana na vidukari.
Januari hadi Machi: maua na mavuno, kuanika na kutia achari, kuchagua pilipili za mbegu.
Aprili na Mei: mavuno ya mwisho, mikebe isitwame maji ya masika.
Juni hadi Agosti: mikebe ukutani, upande wa Kibla; maji kidogo, hakuna mbolea.

Neno la mwisho ni kwa vijana wanaohamia huku na kuona hili ni jambo la wazee. Mbegu ya pilipili mbuzi iliyo nyuma ya jiko la bibi yako haiuzwi dukani. Imechaguliwa kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, na watu waliojua ipi inanukia na ipi inawasha tu. Ile nyumba ikiuzwa, au bibi akifariki, mbegu hiyo inaweza kwisha naye. Safari hii ukienda nyumbani Idi, pamoja na halua na mabuyu, omba pilipili mbili zilizoiva. Zianike, ziandike tarehe, na ngoja Septemba.